Dawa ya kontrasti kwenye MRI: nguvu ya sumaku na dozi vinabadilisha nini?

Mgonjwa akichomwa dawa ya kontrasti katikati ya kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, wengi hudhani kinachong'aa kwenye picha ni dawa yenyewe. Hapana. Mashine haiioni gadolini, metali iliyomo kwenye dawa hiyo, hata kidogo. Inachopokea ni ishara za protoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Gadolini, yenye elektroni 7 zisizo na wenza, ni kijisumaku kikali kinachozichokoza protoni za maji yaliyo jirani.

Protoni zikishasukumwa na mawimbi ya redio, huhitaji muda kurudi kujipanga sambamba na sumaku kubwa ya mashine. Muda huo huitwa T1, na ukiwa mfupi tishu hung'aa kwenye picha za T1. Uwezo wa dawa wa kuufupisha huitwa relaksiviti. Kwa dawa nyingi za kawaida, kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ni kama 4: yaani kila milimoli moja (kipimo cha kiasi cha dawa) kwa lita huongeza kasi ya kurudi kwa 4 kila sekunde.

Sasa ipeleke dawa hiyo hiyo kwenye mashine ya tesla 3. Relaksiviti inashuka kidogo, kwa hiyo ungetegemea picha ififie. Kumbe tishu nazo hubadilika: sumaku ikizidi nguvu, T1 yao hurefuka na eneo lisilopata dawa huwa jeusi zaidi. Tuseme tishu ina T1 ya milisekunde 700 kwenye tesla 1.5 na 1,000 kwenye tesla 3, na dawa imeifikia kwa nusu milimoli kwa lita. Kwenye tesla 1.5, T1 inashuka hadi 292, mara 2.4. Kwenye tesla 3, hata tukiipunguza relaksiviti iwe 3.6, inashuka hadi 357, mara 2.8. Ndiyo maana uvimbe wa ubongo hujitokeza vizuri zaidi kwenye tesla 3 kwa dozi ile ile. Dawa zinazojishika na protini ya damu ni habari nyingine; relaksiviti yao huporomoka haraka sumaku ikiongezeka.

Dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 hupata milimoli 7, ambazo ni mililita 14 za dawa yenye nusu milimoli kwa mililita. Gadopiclenol, aina nyingine ya dawa ya gadolini, hutolewa nusu ya dozi hiyo, kwa kuwa relaksiviti yake ni zaidi ya mara mbili. Kupunguza si ubahili: tangu 2006 gadolini imehusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimedhoofika sana.

Na dozi ikizidi? Picha haiendelei kung'aa milele. Dawa hufupisha pia T2, muda ambao ishara hufifia, na ikirundikana ishara hupotea kabla mashine haijaipokea. Tazama kibofu cha mgonjwa aliyelala chali baada ya sindano: chini kabisa, ambako dawa nzito imetuama, ni kweusi, juu yake kuna tabaka jeupe, juu zaidi kuna mkojo ambao haujachanganyika na dawa, nao ni mweusi. Dawa ni moja, viwango vitatu.

Weusi wa namna hiyo hutumiwa pia kwa makusudi. Kupima mtiririko wa damu kwenye ubongo, dawa husukumwa kwa kasi mshipani, na sehemu inayopata damu ya kutosha ndiyo inayofifia kwa sekunde chache.