"Fulu" haikutoi kwenye tope: dhana potofu kuhusu madaraja ya magari ya 4WD

Ukiingia bondi yoyote ya magari, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, kando ya barabara ya Jinja jijini Kampala, Uganda, kuanzia Nakawa hadi Bweyogerere, utasikia "fulu" kabla hujasikia bei. "Bosi, hii ni fulu opsheni, haikwami popote." Muuzaji amesema mambo mawili kwa pumzi moja, na la pili halizaliwi na la kwanza. Ngozi, sanruf na skrini ni fulu, sikatai. Lakini kutoka salama kwenye barabara ya Katunguru kwenda Ishasha, mvua ya Aprili ikishalowesha ule udongo mweusi, ni kazi ya vyuma vilivyo chini ya sakafu. Mara nyingi vyuma hivyo ni vilevile kwenye gari la kawaida lililoegeshwa jirani kwa mamilioni kadhaa pungufu.

Dhana: la daraja la juu hupita pale la kawaida linapokwama

Tuanze na mfano usio na ubishi. Suzuki Jimny Sierra, ile ya umbo la kiboksi iliyotoka 2018, huuzwa Japani kwa madaraja ya JL na JC. JC ina rimu za aloi, taa za LED na mapambo kadhaa. Ukilala chini na tochi, tofauti zinaisha: injini ileile ya lita 1.5, chesisi ileile, ekseli nzima mbele na nyuma, gia nzito ya 4L (ya mwendo mdogo na nguvu nyingi), tairi 195/80R15, na nafasi ileile ya milimita 210 kutoka ardhini. Tope la Bududa halitajua ni ipi imepita.

Kwenye Toyota Prado 150 mambo si mepesi hivyo. Kwa zile za Japani, TX ndiyo ya chini na TZ-G ndiyo ya juu, na TZ-G inakuja na vitu vya kazi kweli: mfumo wa KDSS, springi za hewa nyuma, Crawl Control na kitufe cha kuchagua aina ya ardhi. KDSS ni mitungi ya haidroliki iliyofungwa kwenye zile fito zinazozuia gari kulala kwenye kona. Ukiwa lami, fito hukazwa. Ukiwa kwenye mashimo huachiwa, gurudumu moja lishuke shimoni na jingine lipande jiwe, yote yakiendelea kugusa ardhi. Hicho ni kitu cha maana. Crawl Control nayo hushika mafuta na breki yenyewe, dereva akabaki na usukani tu. Kwa dereva mzoefu ni starehe. Kwa mgeni kwenye miteremko ya Nkuringo ni msaada mkubwa.

Springi za hewa ndizo zinanitia shaka. Mpira huchakaa, pampu huchoka, na gari lililofika hapa likiwa na umri wa miaka kumi limeshakula sehemu kubwa ya uhai wa mipira hiyo. Dalili huonekana palepale bondini: nenda asubuhi kabla magari hayajawashwa, utaikuta moja imechuchumaa nyuma. Wenye magari wengi huishia kwa fundi, springi za hewa zikang'olewa na za chuma zikafungwa. Yaani mtu analipia kitu cha daraja la juu, kisha analipa tena kukiondoa.

Yapo magari ambayo daraja lake la juu limetengenezwa kwa ajili ya porini hasa. Jeep Wrangler Rubicon ina loki za difu (difu ni gia inayoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti, na loki huifunga) mbele na nyuma, fito ya mbele inayojitenga kwa kitufe, na gia nzito ya uwiano wa 4:1, wakati Sport ya kawaida ina 2.72:1. Hapo pesa ya ziada imekwenda kwenye vyuma. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, si kama gari ni fulu, bali fulu yake iko wapi: ndani ya kabati la abiria au chini ya sakafu?

Dhana: kitufe cha difu loki kipo, basi magurudumu yote manne yanavuta

Hapa ndipo watu huumia zaidi, na wenye magari ya bei kubwa huumia kwa mshangao.

Prado huendesha magurudumu manne muda wote. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati, na kitufe ambacho wengi hukionyesha kwa fahari hufunga hiyo tu. Kikishafungwa, mbele na nyuma huzunguka sawa. Lakini ndani ya kila ekseli bado kuna difu huru kati ya kushoto na kulia. Gurudumu moja la mbele likielea hewani na moja la nyuma likiwa kwenye uji wa tope, bila msaada mwingine hayo mawili yatazunguka kama feni na mengine mawili yatatulia tuli. Gari halisogei, na taa ya loki inawaka kwenye dashibodi.

Kinachotatua hilo ni loki ya difu ya nyuma. Hiyo hulazimisha gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka pamoja hata kama moja halina mshiko. Na loki hiyo haifuati ngazi za starehe. Unaweza kukuta Land Cruiser 79, pikapu ya viti vya plastiki na vioo vya kuzungusha kwa mkono, ina loki nyuma na mbele, huku SUV ya ngozi tupu haina hata moja.

Prado 150 za Japani, hata TX, zina mfumo unaobana breki ya gurudumu linalozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili. Si loki, ila kwa safari nyingi za Uganda unatosha, mradi ujue kuutumia: kanyaga mafuta kwa kiasi na uendelee kukanyaga, usiwe unaachia na kupiga tena. Wengi huogopa ile ngurumo ya breki zikifanya kazi, wanaachia, na mfumo unaanza upya kila mara.

Kujua gari lina loki gani, angalia mchoro wa kitufe. Alama ya X katikati ya mchoro ni difu ya kati. X kwenye ekseli ya nyuma ni loki ya nyuma. Kisha usitosheke na macho. Omba gari litolewe lami, lifike kwenye udongo, weka 4L na bonyeza. Taa hupepesa, halafu hutulia baada ya gari kusogea kidogo. Ikiendelea kupepesa hata umekata kona ndogo huku na huku, ujue mota ya loki imeganda au waya umekatika. Ni jambo la kawaida kwa magari ambayo mmiliki wa kwanza hakuwahi kukigusa kitufe hicho tangu yatoke kiwandani.

Kuhusu Harrier au RAV4 ya fulu opsheni kulinganishwa na Prado ya kawaida "kwa sababu zote ni 4WD": hazina gia nzito. Mjadala umekwisha.

Dhana: rimu kubwa huinua gari

Prado 150 ya TX huja na tairi 265/65R17, TZ-G nyingi na 265/60R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu. Ubavu wa tairi ya TX ni milimita 172, wa TZ-G ni 159. Kipenyo cha tairi nzima ni karibu 776 kwa moja na 775 kwa nyingine. Gari halikuinuka, ni milimita 13 za mpira zilizohamia kwenye chuma.

Na mpira huo ndio unaopokea jiwe kabla rimu haijalipokea. Ndio pia unaokuruhusu kupunguza upepo kwenye mchanga wa Karamoja ili tairi itandaze mguu. Kwa barabara za marami (udongo wa changarawe) za Kaabong hadi Kidepo, mwenye 17 ameshinda bila kuongeza shilingi. Ngazi za pembeni zinazong'aa, ambazo wengi huzihesabu kama faida, ndizo za kwanza kugusa ukingo.

Dhana: herufi za nyuma hazidanganyi

Herufi hazifanani soko kwa soko. Kwa Lexus, GX ni SUV ya kifahari. Kwenye Prado ya Australia, GX ndiyo ya chini kabisa. Halafu herufi zenyewe ni plastiki na gundi, zinapatikana soko la Kisekka kama spea nyingine yoyote. Soma bamba la chesisi. TRJ150 ni petroli ya lita 2.7, GRJ150 ni V6 ya lita 4.0, GDJ150 ni dizeli ya lita 2.8. Namba kamili ya modeli iliyo pale, ukiitafuta kwenye katalogi ya spea, itakwambia gari lilitoka kiwandani na nini hasa.

Dhana: nunua ya kawaida, vingine utaongeza taratibu

Hii ni nusu kweli, na nusu ya uongo wake ndiyo ya hatari. Tairi za tope, springi imara, rafu ya juu, taa za ziada, hata ngozi ya viti: vyote Kampala utavipata na vitafungwa vizuri. Loki ya difu pia inaweza kuongezwa, mathalani ile ya hewa ya ARB ya Australia, ingawa ni kufungua difu, kufunga kompresa na kulipa pesa ya maana.

Mifuko ya hewa ya usalama (airbag) na mfumo wa kuzuia gari kuserereka haviongezwi mtaani. Kuna Land Cruiser 70 zilizotengenezwa kwa masoko yetu bila mifuko ya hewa na bila ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki. Mashirika yanayoziendesha kwenye makambi ya wakimbizi ya Yumbe na Isingiro huzipenda kwa sababu kila fundi anazijua, na ni sababu nzuri. Lakini ukiwa na watoto nyuma, na nusu ya safari yako ni barabara kuu ya Masaka yenye malori usiku, hapo mimi ningelipia daraja la juu bila kujadili.

Upande wa redio ni kinyume. Magari ya Japani hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 au 95 MHz, na vituo vyetu hufika hadi 108. Kwenye gari la kawaida unang'oa redio na kuweka nyingine ndani ya saa moja. Kwenye la fulu, skrini ya kiwandani imeunganishwa na kamera, spika na mipangilio mingine, yote kwa Kijapani, na ramani inayoonyesha mitaa ya Yokohama huku wewe uko Wandegeya.

Dhana: tofauti ya bei ni ile tu iliyoandikwa kwenye mnada

Kwa anayeagiza mwenyewe, dola 1,000 za ziada kwenye mnada wa Japani hazibaki 1,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni 250. VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, hiyo ni 225. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni 60. Umefika 1,535 bila kugusa tozo ya mazingira inayopiga magari yaliyotumika kwa umri wake. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, pia ina orodha yake ya thamani za magari, na daraja la juu huwekewa thamani ya juu hata kama wewe ulibahatika kulipata kwa bei ya kutupa. Sanruf umeilipia mara moja na nusu, na hujafika hata mpaka wa Malaba.

Dhana: injini ndogo ya daraja la chini inatosha, hatuendi mashindanoni

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ile petroli ya lita 2.7, yenye farasi 163 huko Japani, ikifika Kabale imebaki na takriban 130, na inabeba gari la zaidi ya tani mbili kabla hujapakia watu na viazi. Prado 150 za mwanzo zenye injini hiyo zina otomatiki ya gia nne, kwa hiyo mlimani hunguruma sana na kusonga kidogo, na mafuta huliwa vilevile. Dizeli yenye tabo haiathiriki kiasi hicho.

Dizeli ya 2.8 ya Japani ina masharti yake: kichujio cha masizi kisichopenda foleni za Kampala kila siku bila safari ndefu ya kukisafisha, na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, ambalo lazima lijazwe. Hata hivyo, nikiwekewa bondini TZ-G ya V6 na TX ya dizeli kwa pesa moja, na niendako ni Kisoro, nachukua TX yenye viti vya kitambaa, kisha naenda kuulizia bei ya tairi nne za A/T (za ardhi ya kila aina) za inchi 17.