Presha ya macho haipimwi mkononi: majina ya magonjwa ya macho na maana zake

Kila inapokaribia Siku ya Kuona Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba, foleni kwenye kliniki za macho hurefuka, na maswali huwa yale yale. Bibi mmoja alinifungulia kikaratasi chenye vidonge vinne. "Daktari, presha nimeishusha, mbona jicho linazidi kufifia?" Vilikuwa vidonge vya presha ya damu, tena vya jirani yake.

Jina ndilo lililompoteza. Presha ya macho, yaani glakoma, ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya msukumo mkubwa wa majimaji yaliyomo ndani ya jicho. Kipimo cha kawaida cha msukumo huo ni 10 hadi 21 kwa milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoharibika mshipa wa fahamu wa jicho hata kipimo kikiwa humo humo. Neno glakoma lenyewe halitaji presha: ni la Kigiriki, kutoka *glaukos*, rangi ya kijivu-buluu.

Ukifika kliniki, utasoma herufi ukutani, jicho moja baada ya jingine. Utatiwa tone la ganzi, jicho lipimwe msukumo. Kisha tone la kupanua mboni, usubiri kama nusu saa, ndipo tuangalie nyuma ya jicho. Usiendeshe gari siku hiyo. Njoo na dawa zote unazotumia, hasa matone. Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanaweza kupandisha presha ya macho, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Tafadhali msipeane matone.

Mtoto wa jicho nalo ni jina linalotupa kazi. Si nyama iliyoota, wala si utando wa kusuguliwa. Ni lenzi ya jicho lako mwenyewe iliyopoteza uangavu wake. Wataalamu wa kale nao walikosea: waliamini ni maji yaliyoshuka kutoka kichwani yakaganda mbele ya lenzi. Waarabu wakauita ugonjwa huu "kushuka kwa maji", na katika karne ya 11 Constantine Mwafrika akautafsiri kwa Kilatini *cataracta*, maporomoko ya maji. Mwaka 1705 Mfaransa Pierre Brisseau alipasua jicho la maiti ya askari, akakuta ni lenzi yenyewe iliyogeuka ukungu. Imepita miaka zaidi ya 300, na bado naulizwa tone la kuyeyusha. Halipo. Lenzi hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa ya bandia, na hakuna haja ya kungoja "mtoto akomae" hadi ushindwe kuona mlango.

Vikope, kwa upande wake, ni jina lililolenga penyewe. Kigiriki kinasema trakoma, yaani ukwaruzo, kwa sababu ndani ya kope hujaa vipele. Kiswahili kimetazama mbele zaidi, pale makovu yanapoikunja kope na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Wengi huzing'oa kwa kibano. Huota tena, fupi na ngumu, zikachoma vibaya zaidi. Acha kibano, uje tuugeuze ukingo wa kope utazame nje.