Huduma za wanawake pekee: maana yake na ubishi wake

Huduma ya wanawake pekee ni ile ambayo mwanaume hapokelewi, na mara nyingi hata haajiriwi. Vituo vya kuwasaidia waliobakwa vilianza hivyo: Vancouver, Kanada, mwaka 1973, London 1976. Sababu ni kwamba aliyetendewa ukatili na mwanaume huenda asiweze kufungua kinywa akisikia tu sauti ya kiume chumbani.

Watu wanagawanyika wanapoulizwa kama mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume, amo humo. Wengi hubishana bila kutenganisha nani anapokelewa, nani anakaa kwenye kikundi cha mazungumzo na nani anatoa ushauri.

Kimberly Nixon, mwanamke aliyebadili jinsia, kwa mfano, hakwenda kuomba msaada. Mwaka 1995 alikwenda kwenye mafunzo ya kujitolea katika kituo cha Vancouver, akatolewa siku ya kwanza. Mwenyewe alikuwa ameshapigwa na mwenzi wake na kusaidiwa na shirika jingine la wanawake. Mwaka 2002 baraza la haki za binadamu liliamuru alipwe dola 7,500 za Kanada, lakini mahakama zikatengua uamuzi huo mwaka 2003 na 2005: sheria ya jimbo, zilisema, inakiruhusu kikundi kuwatanguliza wale kilichoundwa kwa ajili yao.

Katika kituo cha waliobakwa cha Edinburgh, Uskoti, mambo yaliwaka kwa swali la mteja: atakayenisikiliza ni mwanamke au mwanaume? Mshauri aliyetaka mteja ajibiwe waziwazi alichukuliwa hatua za nidhamu. Mei 2024 baraza la kazi likaamua kwamba alionewa. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema “mwanamke” katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni wa kuzaliwa, ila waliobadili jinsia bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi.

Kwangu mimi, anayeuliza swali lile hana chuki. Anajipima kama ataweza kusema yaliyomkuta, na anastahili jibu la kweli. Lakini mwanamke aliyebadili jinsia naye hubakwa. Akinyimwa nafasi hapa bila kuelekezwa pengine, anarudi na jeraha lake. Katika ushauri wa ana kwa ana ugumu ni mdogo, kwa sababu hakuna mteja wa pili chumbani. Kwenye vikundi, kituo kinaweza kuendesha viwili, kila kimoja kikitangazwa wazi ni cha nani, mradi kiwe na fedha za chumba kingine na mshauri mwingine.