Marangu kwa siku tano: kwa nini ninaendelea kuikataa ratiba hiyo

Kila inapokaribia Desemba 9, vikundi vya maofisini na vya mazoezi hapa Mwanza huanza kuulizia safari ya Kilimanjaro, na swali lao huja likiwa limeshajibiwa: twende kwa njia ya Marangu kwa kuwa ina vibanda vya kulala, ni njia rahisi, na sisi ni watu wa mazoezi, kwa hiyo siku tano zinatosha. Wiki hii nimeletewa tena ratiba ya namna hiyo, imeshachapwa kwenye karatasi yenye nembo ya kikundi, nikaombwa tu niwatafutie wapagazi. Nimeikataa, na kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu kwa mtu mmoja mmoja, ninaliandika hapa.

Ratiba ile ilikuwa na safu ya kilomita, na kwa kilomita peke yake safari inaonekana nyepesi kweli. Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya kwanza, Mandara, ni kama kilomita 8, Mandara hadi Horombo kama 12, Horombo hadi Kibo kama 10, na njia yenyewe ni pana na ina mteremko wa wastani ambao mtu mzima asiye na maradhi anaumudu. Safu iliyokosekana ni ya mwinuko wa mahali pa kulala. Geti liko chini kidogo ya mita 1,900. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Maana yake ni kwamba kila usiku unalala mita 1,000 juu ya ulipolala jana, ilhali mwongozo unaofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja bila kuongeza kitu. Ratiba ya siku tano inakwenda kwa mwendo ulio mara mbili ya huo, na haina usiku wa mapumziko hata mmoja.

Hapa ndipo watu wanapogeuza mambo juu chini. Wanaamini vibanda vinaupunguza ugumu wa mlima, wakati kwa upande wa kuzoea mwinuko vibanda ndivyo vinavyokufunga. Anayelala kwenye hema katika njia ya Machame anaweza kupandishwa mchana hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,500, kisha akashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000, na mwili wake ukapata somo la mchana bila kulipa gharama ya usiku. Kwenye Marangu kitanda kiko pale kilipojengwa. Hakuna kibanda cha mita 3,200 wala cha mita 4,200, na huwezi kumwambia mpagazi apige kambi katikati ya njia. Paa linakukinga na mvua, godoro linaupumzisha mgongo, na hayo ni mema ambayo sitayabeza, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kulala chini kwenye baridi. Lakini hewa iliyomo ndani ya kibanda cha Horombo ni ileile iliyoko nje ya mlango wake.

Wengine hunijibu kwamba sisi wa Mwanza tayari tunaishi juu. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hilo ni kweli, na ni kweli pia kwamba anayetoka hapa kwa basi kupitia Shinyanga, Singida na Babati hufika Moshi na kulala huko chini zaidi ya kwao. Hata hivyo ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500, na mwili uliozoea mita 1,100 bado haujajifunza lolote kuhusu mita 3,700. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, ni 21 Mwanza na ni 21 Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na kileleni, mita 5,895, mgandamizo huo ni takribani nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni.

Sasa nije kwenye hoja inayonikera kuliko zote, ile ya mazoezi. Kijana anayekimbia kila alfajiri kutoka Nyegezi hadi mjini, au anayepanda na kushuka vilima vya mawe vya Bugando na Capri Point, huniambia kwa imani kamili kwamba mapafu yake yako tayari. Mazoezi hayo ninayapenda na ninayaagiza, kwa sababu siku ya kilele utapanda mita 1,175 kutoka Kibo na kisha kushuka mita 2,175 hadi Horombo bila kulala, na magoti yasiyozoea kushuka kwenye mawe yatalia. Ila mazoezi yanajenga misuli na moyo, na ugonjwa wa mwinuko hauulizi habari za misuli.

Mwili unapokosa oksijeni, jambo la kwanza unalofanya ni kupumua kwa wingi zaidi. Kupumua kwa wingi kunatoa kaboni dioksidi nyingi, damu inapungua asidi, na ubongo ukiona hivyo unaamuru upumuaji upunguzwe, jambo ambalo ni kinyume cha unachohitaji. Figo ndizo zinazoondoa kizuizi hicho, kwa kutoa kwenye mkojo bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi ya damu, na figo hufanya kazi hiyo kwa siku kadhaa. Haziharakishwi kwa sababu umewahi kushinda mbio za Rock City. Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa usingizini upumuaji hushuka na oksijeni ya damu hushuka nao. Ndiyo maana ninahesabu mwinuko wa kitanda kabla ya kuhesabu chochote kingine. Tena kijana wa mazoezi yuko kwenye hatari ya namna yake: ana uwezo wa kutembea haraka, anafika Horombo saa mbili kabla ya wenzake akiwa anatweta, na kwa kuwa hajazoea kuwa wa mwisho, anaficha maumivu ya kichwa.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni siku sita, na usiku wa ziada uwe Horombo. Siku hiyo hatulali hadi saa nne asubuhi kama wengine wanavyofikiri. Tunapanda polepole kupita Miamba ya Pundamilia, tunaendelea juu zaidi kuelekea Mawenzi, tunakaa huko kidogo, kisha tunarudi kulala palepale mita 3,720. Ni heri zaidi kwa mwenye muda kuanza na Mlima Meru, ambao nao una vibanda, Miriakamba mita 2,514 na Saddle mita 3,570, halafu ndipo aende Marangu akiwa na siku kadhaa za mwinuko mwilini.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo vipeperushi vya mawakala havisemi: hata siku sita hazitimizi mwongozo nilioutaja. Kutoka Horombo hadi Kibo bado ni mita 1,000 kwa siku moja. Utetezi wetu ni kwamba Kibo hakulaliwi kwa maana halisi. Unafika mchana, unakula mapema jioni, unajilaza, na karibu na saa tano usiku unaamshwa kuanza safari ya kilele. Utetezi huo ninautumia mimi mwenyewe, na siuamini kikamilifu. Ninapanda kwa siku sita kwa sababu nimeona zinavyosaidia zikilinganishwa na siku tano, na bado usiku wa Kibo ndio unaoninyima usingizi.

Kuhusu kumpima mtu njiani, watu wameanza kununua oksimita za kidoleni, vifaa vya kupima oksijeni ya damu, na kuziamini kupita kiasi. Kidole chenye baridi kinatoa namba za ajabu. Hata namba ikiwa sahihi, nimewaona wenye asilimia ya chini wakila ugali vizuri na kucheka, na wenye asilimia nzuri wakitapika ukutani. Mimi huanza na maswali ya kipimo cha Lake Louise: kichwa kinauma kwa kiasi gani, tumbo linakubali chakula, uchovu ukoje, kuna kizunguzungu? Kisha, mtu akinitia shaka, ninaburuta kisigino cha kiatu kwenye udongo mbele ya kibanda hadi mstari uonekane, ninamwambia aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu mwingine, hatua kwa hatua, mikono ikiwa imeachwa pembeni. Mzima hutembea akijiona mtoto. Anayeyumba, au anayepanua miguu bila kujijua ili asianguke, ubongo wake huenda unavimba, na huyo anashuka usiku uleule, hata kama anasisitiza kwamba ni usingizi tu. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa kitako na anayekohoa makohozi yenye povu. Oksijeni ya mtungi na dawa hununua muda wa kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka.

Asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, inasaidia kweli, kwa kuwa inazisukuma figo kutoa bikaboneti mapema. Muulize daktari kabla ya kuitumia, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na uijaribu ukiwa nyumbani ili ganzi ya vidole isikutishe ukiwa mlimani. Si ruhusa ya kurudi kwenye siku tano.

Kuna mambo mawili yanayotuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa na ambayo ratiba zinazoandikwa kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya hazina sababu ya kuyataja. La kwanza ni malaria. Mtu anaumwa na mbu huku, anasafiri akiwa mzima, na siku ya tatu mlimani anapata kichwa, kichefuchefu na mwili kuchoka, dalili zilezile za mwinuko. Homa kali ndiyo inayonifanya nishuku malaria, lakini sisubiri kipimajoto kiamue. Ninabeba vipimo vya haraka vya malaria, na kanuni yangu ni kwamba kila maumivu ya kichwa juu ya mita 2,500 ni ya mwinuko hadi ithibitike vinginevyo, na hata kipimo kikionyesha malaria, mtu huyo bado haendi juu.

La pili ni selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukanda wetu una watu wengi wanaobeba kinasaba chake bila kujua, kwa sababu anayebeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida haumwi. Wengi wao hupanda milima bila shida. Baadhi, oksijeni inapopungua, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa ya bandama, na dalili yake ni maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ambayo ni rahisi kuyadhania kuwa gesi au chakula cha jana. Ninamwomba kila anayesafiri nami apime kabla ya kulipa chochote. Mwenye ugonjwa wenyewe simpandishi, na kwa hilo sibembelezeki.

Vifaa nitavipitia haraka kwa kuwa hapa watu hukosea kidogo. Magodoro yapo, mfuko wa kulalia unakuja nao, na uwe wa baridi kali. Viatu viwe vimeshatembelewa kwenye mawe ya Isamilo kwa wiki kadhaa. Kibo hakuna maji, yanabebwa na wapagazi kutoka chini, kwa hiyo usioshee uso maji ambayo mwenzako ameyabeba kichwani. Usiku wa kilele chupa ya maji iwekwe kifudifudi ndani ya begi, maana barafu huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini utaendelea kunywa. Mapema Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha. Anayeweza kusubiri hadi Januari au Februari asubiri, ingawa ninaelewa kabisa kwa nini watu wanaitaka tarehe ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliuweka mwenge kileleni mwaka 1961.

Ninajua kinachoisukuma ratiba ya siku tano ni fedha, kwa kuwa hifadhi hutoza kwa siku na vibanda hutoza kwa usiku. Sisi raia tunalipa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana ya cha wageni, kwa hiyo siku ya sita kwetu ni nafuu kuliko wanavyodhani wale wanaosoma bei za kigeni mtandaoni. Kama ni lazima kupunguza, punguzeni fulana za kikundi na bango, msipunguze waongozaji wasaidizi. Usiku wa kilele ninataka msaidizi mmoja kwa kila wapandaji wawili, kwa sababu mtu mmoja akizidiwa karibu na Gilman's Point, mita 5,685, lazima ashuke na mtu anayeijua njia, na wale wanaobaki lazima nao wabaki na mwongozaji. Kikundi kilicholeta karatasi ile kina watu kumi na wanne na kilikuwa kimepanga wasaidizi watatu. Nimewarudishia ikiwa na usiku wa pili wa Horombo na wasaidizi saba, na nimewapa hadi Ijumaa kunijibu, kwa kuwa vitanda vya Desemba huwahiwa.