Foo-wili nayo hukwama

Masika Tabora, udongo mweusi wa mbuga ukishalowa, wengi huamini pikapu ya foo-wili, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne, haikwami. Hukwama sana tu. Difu ya kawaida, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, huacha tairi linaloteleza lizunguke bure, na mwenzake husimama. Likiteleza moja mbele na moja nyuma, safari imeishia hapo. Loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha matairi yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, husaidia, ila ifunge kabla hujazama, usukani ukiwa umenyooka. Bodi tupu nayo ni nyepesi nyuma: weka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli. Kashata za tairi zikijaa tope, hata loki haifui dafu. Ukifika lami kavu, toa foo-wili, la sivyo gia zinakazana na zinaweza kuvunjika. Na breki? Foo-wili haizisaidii hata kidogo.