MMORPG: ile M ya kwanza si pambo

"Tuko wanne, tunatafuta MMORPG nzuri ya kucheza pamoja." Swali hili likitupwa popote penye wapenzi wa gemu, majibu humiminika: Genshin Impact, Baldur's Gate 3, Valheim, Diablo II. Zote ni gemu nzuri, na wanne hao huenda wakazifurahia. Ila hakuna hata moja kati yake iliyo MMORPG.

Ufafanuzi wenyewe ni mfupi. RPG ni gemu ambayo unaigiza mhusika na kumkuza: anapata nguvu, silaha, ujuzi. MMORPG ni RPG ya mtandaoni ambayo watu wengi mno, mamia au maelfu, wamo katika dunia moja kwa wakati mmoja, na dunia hiyo inaendelea hata wewe ukizima mashine ukalala. Herufi zote sita zina kazi (kwa Kiingereza, massively multiplayer online role-playing game), lakini inayopuuzwa ni ya kwanza, massively, yaani "mno". Watu huisoma M ya pili, "wachezaji wengi", wakadhani ya kwanza imewekwa kwa mbwembwe.

Haikuwekwa kwa mbwembwe. Kucheza wengi kwa mtandao ni jambo la zamani kuliko jina hili. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, dunia ya maandishi matupu ambayo watu kadhaa waliingia pamoja. Richard Bartle akaiendeleza. Wakati huo "wengi" lilitosha. Meridian 59 ilikuja 1996, Ultima Online ikafuata Septemba 1997, na Richard Garriott, baba wa mfululizo wa gemu za Ultima, ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mwanzilishi wa jina hili refu. Tazama kilichokuwa kando yake sokoni. Diablo ya kwanza ilikuwa imetoka miezi michache tu kabla, nayo pia ilichezwa mtandaoni, watu wanne kwa mpigo. Watu wanne tayari walikuwa "wachezaji wengi". Ultima Online ilikuwa na maelfu wanaochimba madini, kujenga nyumba, kuuziana nguo na kuibiana katika nchi ileile. Neno la kutenganisha vitu hivi viwili lilihitajika tangu siku ya kwanza, na ndilo hilo linalotupwa leo kila mtu anapoita gemu ya watu wanne MMORPG.

Kuna vipimo viwili vinavyotosha. Cha kwanza: ukiwa ndani ya gemu, unaweza kukutana na mtu ambaye wewe na wenzako hamkumwalika, naye akaendelea na shughuli zake? Cha pili: nyote mkitoka, dunia inaendelea bila ninyi? Yakikosekana yote mawili, hiyo si MMORPG. Likikosekana moja, ni jamaa yake wa mbali.

Chukua Genshin Impact, iliyotoka Septemba 2020, maana ndiyo inayotajwa kimakosa kuliko zote. Kila mchezaji ana dunia yake. Ili kucheza na wenzako lazima kwanza ufikie daraja la 16 la safari, jambo linalochukua saa nyingi za kucheza peke yako, kisha unaingia kama mgeni katika dunia ya mwenyeji, wasiozidi wanne. Mgeni hafungui masanduku ya hazina ya mwenyeji, na hadithi kuu kila mtu huisogeza kwake mwenyewe. Marafiki wanaoianza wakitarajia safari ya pamoja kutoka mwanzo hukasirika siku ya kwanza, wakailaumu gemu kwa kosa la aliyewashauri.

Baldur's Gate 3 ni watu wanne ndani ya hadithi moja, na mwenyeji asipokuwepo hadithi haiendi. Valheim inachukua hadi watu kumi. Dunia yake inaweza kuwekwa kwenye seva ya kukodi (kompyuta inayoendesha dunia ya gemu) ikabaki wazi usiku na mchana, kwa hiyo inafaulu nusu ya kipimo cha pili, lakini watu kumi waliokaribishana kwa nywila si umma. Gemu za kupigana hadi abaki mmoja, zenye watu mia katika kisiwa, hushindwa upande mwingine: mia ni wengi, lakini baada ya nusu saa kisiwa kinafutwa na kila mtu anaanza upya.

Mpakani kuna utata wa kweli, na ni haki kuukubali. Diablo IV ina maeneo ya wazi ambamo wageni hupita, huku sehemu kubwa ya gemu ikichezwa peke yako au na kundi la hadi watu wanne. Guild Wars ya 2005 ilikuwa na miji ya pamoja, lakini ukitoka lango la mji uliingia eneo la kundi lako tu. Watengenezaji wake hawakutaka kuiita MMORPG, wakabuni jina lao, CORPG, yaani RPG ya ushindani mtandaoni. Walijua tofauti ni ipi na wakaiheshimu. Wachezaji wakaiita MMORPG hata hivyo.

Sasa kosa la upande wa pili, la wale wanaodhani kwamba "wengi mno" maana yake maelfu wote wanaonana uwanja mmoja. Hesabu haikubali. Watu kumi wakiwa mahali pamoja, seva inapaswa kumpa kila mmoja habari za wenzake tisa: taarifa 90 kila mara mambo yanapobadilika. Wakiwa elfu moja, ni taarifa 999,000. Mzigo hauongezeki sawasawa na watu. Unaongezeka kwa mraba wake. EVE Online, ambayo vita vyake vimewahi kukusanya maelfu ya wachezaji, hukabili jambo hili kwa kupunguza kasi ya muda wenyewe katika eneo la vita, hadi kufikia asilimia 10 ya kasi ya kawaida. Sekunde moja inakuwa kumi. Gemu nyingine hukwepa kwa kutengeneza nakala za eneo lilelile, na kila nakala inajaa watu kiasi.

Hapo ndipo linapozaliwa lile lalamiko la kila siku: marafiki wawili wamesimama mbele ya lango lilelile, seva ileile, na hawaonani. Gemu haijaharibika. Kila mmoja yuko nakala yake. Dawa ni kuunda kundi kwanza, ndipo mtembee. Mkishakuwa kundi moja, gemu nyingi huwavuta pamoja zenyewe. Katika Guild Wars 2 unabofya picha ya mwenzako kwa kitufe cha kulia na kuchagua kumfuata alipo. Isipofanya kazi, sababu ya kawaida ni kwamba nakala ya mwenzako imejaa, basi yeye ndiye akufuate.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopendekeza hawalisemi. Hata ndani ya MMORPG halisi, sehemu ambayo marafiki hucheza bega kwa bega ni ndogo na ya faragha. Katika Final Fantasy XIV pango (dungeon, eneo la faragha la kupigana na maadui) la kawaida ni watu 4, mapambano makubwa 8, na yale ya miungano 24. World of Warcraft ilipotoka 2004 ilikuwa na uvamizi (raid, pambano la kundi kubwa) wa watu 40. Leo ngazi yake ngumu kabisa ni ya watu 20 kamili, na mapango ni watu 5. Mkishaingia pangoni, mko kwenye nakala yenu peke yenu. Wale maelfu wako nje: sokoni, mijini, kwenye foleni ya kumtafuta mtu wa kujaza nafasi. Kwa hiyo M ya kwanza inawapa kundi lenu uchumi, wageni wa kukutana nao na mahali penye uhai. Haiwapi mapambano bora kuliko RPG ya watu wanne, na mara nyingi hutoza gharama yake kwa kuwatenganisha.

Kinachotenganisha marafiki kwanza ni seva. Uliza gemu imegawa wachezaji wake vipi kabla hata hamjaunda wahusika, kwa sababu kosa la hapa hugunduliwa jioni ya pili, baada ya watu kujitaabisha. World of Warcraft imefunga wahusika kwa kanda: wa Ulaya na wa Amerika hawakutani. Albion Online ina seva tatu, za Amerika, Asia na Ulaya, na mhusika wa moja hayupo kwenye nyingine. Final Fantasy XIV tangu 2022 inaruhusu kutembelea kituo kingine cha data (kundi jingine la seva) ndani ya kanda, lakini ukiwa ugenini huwezi kuwaita wahudumu wanaokutunzia mizigo. Old School RuneScape ndiyo rahisi kuliko zote: mhusika ni mmoja, unachagua namba ya dunia ukiingia, na kesho unabadilisha.

Umbali nao una sakafu yake isiyovunjika. Mwanga ndani ya kebo ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 8,000 kwa njia ya kebo inakula milisekunde 80 kwenda na kurudi hata kama intaneti yako ni ya kasi namna gani, na kwa hakika itakuwa zaidi kwa sababu kebo hazinyooki na kuna vituo njiani. Kununua kifurushi kikubwa hakupunguzi hilo. Linalopunguza uchungu ni aina ya gemu. Old School RuneScape hushughulikia vitendo vya wachezaji mara moja tu kila sekunde 0.6, hivyo ucheleweshaji wa milisekunde 150 unamezwa humo. Gemu ya kukwepa pigo kwa jicho na kidole itakuonyesha umekwepa, kisha ikuue.

Kinachofuata ni levo. Mmoja akicheza kila usiku na mwingine mwisho wa wiki tu, baada ya wiki mbili hawako gemu moja tena. Guild Wars 2 humshusha mwenye levo ya juu alingane na eneo alilomo. The Elder Scrolls Online, tangu Oktoba 2016, inasawazisha wote wapigane popote. World of Warcraft iliongeza mwaka 2019 njia ya kulinganisha kundi, ambayo huwarudisha wote kwenye levo na misheni wanazoweza kufanya pamoja. Final Fantasy XIV humshusha mkubwa ndani ya pango, lakini haimpandishi mdogo.

Na hiyo Final Fantasy XIV ina mtego wake, ambao si levo. Mapango na hata nchi nzima hufunguliwa kwa hadithi kuu, na hadithi hiyo ni ndefu, yenye vipande ambavyo lazima uvicheze peke yako. Rafiki aliyemaliza kila kitu hawezi kukuvusha. Anaweza tu kukusubiri. Kundi linaloanza pamoja siku moja na kukubaliana kutokimbiana litaipenda. Kundi ambalo mmoja wao tayari ni mkongwe liwe na subira. Jaribio lake la bure linafika levo ya 70, ukarimu mkubwa, ila mwenye akaunti ya jaribio hawezi kuunda kundi, lazima aalikwe na anayelipa. Wanne wote wakiwa wa bure hawana wa kumwalika mwenzake, na wengi hudhani ni hitilafu. Pia ukishalipia huwezi kurudi kwenye jaribio, kwa hiyo asilipe mtu mapema ili "kuona".

Idadi yenu nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Kundi la 4 katika Final Fantasy XIV linataka mmoja wa kukinga, mmoja wa kuponya na wawili wa kushambulia. Lile la 5 katika World of Warcraft linaongeza mshambuliaji wa tatu. Mkiwa watatu, gemu itawaletea mgeni wa kujaza. Mkiwa sita, kuna wa kubaki nje kila jioni, na huyo ndiye atakayeacha gemu kwanza. Mkiwa sita na wote mnapenda kushambulia, bora mchague gemu isiyogawa kazi kwa ukali hivyo. Kwa kikundi kidogo kinachotaka ladha ya dunia ya umma bila kutegemea wageni, Old School RuneScape ina mtindo wa watu 2 hadi 5 ulioanza 2021, ambao hamruhusiwi kununua wala kupokea vitu kutoka nje ya kundi: kila panga ni la jasho lenu, na dunia bado imejaa watu wanaopita.

Kwa hiyo mtu akisema wako wanne na wanataka MMORPG, hakuna haja ya kumcheka wala kumrushia orodha. Muulize kama anataka wageni wawepo: sokoni, njiani, kwenye vita. Akisema ndiyo, mpe habari za seva, levo na hadithi kabla ya jina la gemu. Akisema hapana, anataka wao wanne tu na hadithi yao, basi anachotafuta ni RPG ya kushirikiana, na hapo Baldur's Gate 3 ni jibu zuri sana. Aiite tu kwa jina lake, ili atakayefuata kumuuliza asije akaingia humo akitafuta soko lenye watu.