Dermarola na madoa meusi: kabla hujachomwa sindano usoni

Dada mmoja aliingia kliniki ya ngozi ameshika kifurushi cha tishu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Alipokifungua juu ya meza yangu, ndani mlikuwa na dermarola: kigurudumu kidogo chenye mpini wa plastiki, kimejaa sindano nyembamba mno. Aliinunua mtandaoni. Kwa miezi miwili alikuwa akiipitisha usoni kila Jumapili usiku, kisha anajipaka ndimu. "Daktari, nilitaka kuondoa madoa ya chunusi. Sasa nina madoa mapya juu ya yale ya zamani."

Niliiweka chini ya kioo cha kukuzia. Sindano kadhaa zilikuwa zimepinda ncha kama ndoana. Sindano ya namna hiyo haitoboi, inachana. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwenzake wa chumba naye huitumia, ila huwa wanaifuta kwa spiriti.

Sikumgombeza, maana tiba yenyewe si uongo. Mabango ya saluni huiita maikronidlingi, yaani kuitoboa ngozi kwa sindano ndogondogo, nasi hospitalini tunaifanya. Mmoja wa walioiendeleza ni Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, tangu miaka ya 1990. Tabaka la juu la ngozi ya uso lina unene wa takribani sehemu ya kumi ya milimita. Sindano za tiba ya uso huwa na urefu wa kati ya milimita 0.5 na 1.5, kwa hiyo hupita tabaka hilo na kuingia kwenye ngozi ya ndani. Mwili ukiona vitundu mamia kwa mamia huhesabu kwamba umejeruhiwa, na hapo huanza kutengeneza kolajeni mpya, zile nyuzi ngumu za protini zinazoipa ngozi uimara. Ndiyo maana mashimo ya chunusi hujaa taratibu kwa tiba hii. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipokiruhusu kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2018, ruhusa ilikuwa ya makovu ya chunusi usoni.

Doa si kovu. Vidole vyako vikipita juu ya doa bila kuhisi bonde wala mlima, hapo hakuna shimo la kujazwa, kuna rangi. Seli zinazotengeneza rangi, yaani melanini, zimekaa sakafuni mwa tabaka la juu. Chunusi ikiwaka jirani yake, seli hizo hushtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Rangi ikibaki juu, doa huwa la kahawia na mara nyingi hufifia lenyewe baada ya miezi kadhaa. Ikidondokea ngozi ya ndani, doa huchukua rangi ya majivu na linaweza kukaa miaka. Hakuna sindano inayofyonza rangi. Kazi yake kwenye madoa ni kuchochea ngozi ijitengeneze upya na kufungua njia ili dawa ipenye, kwa mfano asidi ya tranexamiki tunayotumia kwa baadhi ya wenye melasma, yale mabaka ya kahawia usoni. Wapo wanaopata nafuu nzuri, na wapo wanaomaliza awamu nne, kila moja mwezi baada ya nyingine, doa likiwa pale pale.

Tena ngozi nyeusi ina tabia yake: kila ikiumia, huweka alama. Ukiumwa na mbu, doa. Ukijikuna, doa. Na sindano ni kuumiza, hata kama umeumizwa na daktari mwenye glavu. Afadhali ya tiba hii mbele ya leza na asidi kali za kuchubua ni kwamba haitumii joto wala haiondoi tabaka lote la juu, hivyo uwezekano wa kuibua madoa mapya ni mdogo zaidi. Mdogo, lakini upo. Unakua pale mkono unapokandamiza, sindano zinapozidi urefu, au mtu anapotoka mlangoni na kwenda kusimama kituoni saa saba mchana bila kitu usoni.

Kwa hiyo swali langu la kwanza si unataka awamu ngapi. Ni doa gani hili? Yale ya mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo, yaliyoanza wakati wa ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, huenda ni melasma, na hiyo ina desturi ya kurudi. Doa la mviringo linalowasha na kukolea palepale kila unapomeza dawa fulani, mara nyingi zile zenye salfa, ni mzio wa dawa. Huyo hahitaji sindano, anahitaji kujua jina la dawa na kuiepuka maisha yake yote.

Halafu kuna mkorogo. Nikiuliza unapaka nini, jibu huwa "losheni ya kawaida tu, daktari". Basi naomba kuona mikono. Uso umeng'aa, lakini viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Hapo tunaelewana bila kubishana. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi inaweza yenyewe kuleta weusi wa bluu mashavuni, na weusi huo umejikita ndani kabisa. Krimu zenye steroidi hukondesha ngozi hadi mishipa ionekane. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini sokoni bado vipo. Ngozi iliyokondeshwa hivyo ukiichoma sindano unaitafutia balaa, kwa hiyo tunaanza kwa kuipumzisha, na hilo linachukua miezi.

Pia tunaahirisha kwa mwenye chunusi zilizoiva, kwa kuwa sindano husambaza usaha, mwenye malengelenge ya mdomo, na mwenye masundosundo usoni. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, hata kama ilitokana na kutoboa masikio tu, aseme mapema.

Suala la damu nalizungumza bila kumung'unya maneno. Tiba hii hutoa vitone vya damu. Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, saluni isiyo na leseni iliyokuwa ikiwachoma wateja sindano usoni na kuwapaka utegili (plazma), yaani majimaji ya damu yao wenyewe, ilifungwa, na baadaye ikathibitika kwamba baadhi ya wateja walipata VVU pale. Kufuta kwa spiriti hakusafishi mamia ya sindano zilizopandwa kwenye plastiki. Kichwa cha sindano kinapaswa kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, kifunguliwe ukiwa unaona, na kiishie kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, siku hiyohiyo. Mtoa huduma akikuambia chako kimewekwa kwenye droo kikisubiri awamu ijayo, chukua mkoba wako.

Na hizo seramu za vitamini C zinazopakwa sindano zikiwa zinapita? Zimetengenezwa kukaa juu ya ngozi, si kusukumwa ndani. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza wanawake watatu waliotokwa na vinundu vigumu usoni baada ya kufanyiwa hivyo.

Ukifanyiwa vizuri, utapakwa ganzi ya krimu kwa nusu saa hadi saa nzima, utahisi mikwaruzo, na kwa siku mbili tatu uso utakuwa kama uliochomwa na jua, ingawa kwa weusi wetu wekundu huo huonekana kama kiza. Usijipake ndimu wala kujisugua. Paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, ikiwezekana ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu chembe zake za oksidi ya chuma huzuia hata mwanga wa kawaida ambao krimu nyeupe huupitisha, na mwanga huo nao huchochea melasma.

Yule dada hatukumchoma. Dermarola yake iliingia sefti boksi, akaondoka na dawa za kupaka za chunusi na madoa, adapalini ya usiku na asidi ya azelaiki ya asubuhi, pamoja na krimu ya jua. Chunusi zilikuwa bado hazijakoma, na madoa yangeendelea kuzaliwa nyuma ya kila sindano. Nikamwomba arudi na mwenzake wa chumba, wote wapime homa ya ini na VVU. Walikuja Jumanne iliyofuata, wameongozana.